Gari la zamani limeua masega: mtafute mkosaji kabla ya kukata bomba

Ukifika na gari lisilovuta kwenye gereji nyingi za Kampala, iwe Katwe, Ndeeba au Bwaise, jibu huwa tayari kabla hujazima injini: "Masega hayo, bosi, tuyatoe." Masega ni kile kichujio cha kusafisha moshi (catalytic converter) kilicho ndani ya kopo kwenye bomba la ekzosi. Kopo linakatwa, masega yanachokolewa kwa nondo, kopo tupu linachomelewa mahali pake, na gari linavuta kweli. Lakini kilichoyaharibu bado kimo kwenye injini, na kwa kuwa sasa hakuna kinachoziba, hakuna anayekitafuta tena. Anayenunua masega mengine bila kukitafuta, yawe mapya au ya mtumba, atarudi kununua tena.

Maelezo haya ni ya magari ya petroli ya miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000: Premio, Ipsum, Noah, Spacio, Forester, Legacy na wenzao. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yamejaa barabarani, na mengi yanatembea na masega yaleyale yaliyotoka nayo Japani.

Kwa ufupi, ndani ya lile kopo kuna kauri yenye vitundu vyembamba, mara nyingi vitundu 400 kwa kila inchi ya mraba, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua humaliziwa kuchomwa, na oksidi za naitrojeni huvunjwa. Kazi huanza joto likifika nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi, na hufanyika vizuri kati ya 400 na 800. Likivuka 900 madini yale huanza kugandamana na nguvu yake hairudi. Likiendelea kupanda kauri yenyewe huyeyuka. Kwa hiyo masega ama yamechomwa na joto, ama yamepakwa uchafu, ama yamevunjika. Kila dalili hapa chini inakusogeza kwenye mojawapo ya hayo.

Gari halivuti, hasa mlimani

Linawaka vizuri, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia, lakini ukianza kupanda injini inabanwa kama mtu aliyezibwa pua. Unakanyaga mafuta, mizunguko haipandi. Likizidi, gari linawaka, linazima baada ya dakika chache, likipoa linawaka tena.

Usiyahukumu masega bado. Chujio la petroli lililoziba na pampu iliyochoka huleta dalili karibu zilezile, ila hapo gari hushtuka na kukatakata. Na kama mizunguko inapanda ila gari haliendi, angalia klachi au giaboksi.

Kipimo cha kwanza ni geji ya vakyumu, yaani ya kupima injini inavyovuta hewa, kwenye manifodi ya hewa. Vitabu vinasema injini nzima ikiwa sailensa isome inchi 18 hadi 21 za zebaki. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, na geji hupungua karibu inchi 1 kwa kila mita 300, kwa hiyo hapa 14 hadi 17 ni afya kabisa. Kabale, kwenye mita kama 2,000, tegemea 12 hadi 14. Fundi akisoma 15 Kampala huku kitabu chake kinasema 18, anaweza kufungua injini nzima bure.

Ukishasoma sailensa, pandisha taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na uishikilie hapo. Mshale hushuka kidogo, kisha hurudi pale ulipokuwa au juu yake. Ukiendelea kushuka polepole wakati mguu wako umetulia, moshi hauna pa kutokea.

Kipimo cha pili kinathibitisha. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, na ufunge geji ya presha kwenye tundu lake. Sailensa isizidi psi 1.5, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi 3. Huna geji? Acha tundu wazi, funga nyaya za sensa mbali na joto, endesha mita mia chache tu. Kelele itakuwa kubwa na taa ya injini itawaka, lakini kama nguvu zimerudi umepata jibu. Usiende mbali hivyo, moshi wa tundu hilo unaweza kuunguza nyaya na mipira ya jirani.

Angalizo dogo: kuziba si lazima kuwe kwenye masega yenyewe. Kauri ikivunjika, vipande husafiri na kukwama kwenye kopo la nyuma. Nimepokea magari ambayo masega "yalishatolewa" zamani, na bado yanabanwa kwa sababu nusu ya kauri ilisukumwa nyuma wakati wa kuchokoa.

Taa ya injini imewaka, mashine inasema P0420

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. P0420 ni kodi ya hitilafu ya masega, lakini haimaanishi kompyuta imeyaona yamekufa. Inamaanisha sensa ya nyuma imeanza kupanda na kushuka kama ya mbele. Kwa kawaida sensa ya mbele hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia, na ya nyuma hukaa karibu 0.6 au 0.7. Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina sensa ya mbele ya aina nyingine, ya kupima uwiano wa hewa na petroli, ambayo husoma karibu volti 3.3, kwa hiyo hapo usizilinganishe hizo mbili. Tazama utulivu wa ile ya nyuma peke yake.

Kabla ya kununua chochote, tafuta pa kuvujia. Gasketi ya manifodi iliyoungua, bomba la kukunjika lililopasuka, au uchomeleaji mbaya vinaingiza hewa kwenye ekzosi. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje huvutwa ndani. Sensa huiona hewa hiyo na kudanganyika. Washa injini ikiwa baridi, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe sikiliza na upitishe mkono karibu na maungio kabla hayajapata moto. Alama za masizi meusi kwenye maungio hukuonyesha hata bila kuwasha.

Kuna na hili la magari ya Japani yaliyotengenezwa kwa soko la kwao. Mengi ya miaka ya 1990 hayasomeki kwa mashine ndogo za kawaida, na mengine hayana sensa ya nyuma kabisa. Kwenye Toyota za wakati huo unaunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti, au tundu namba 4 na 13 kwenye plagi iliyo chini ya dashibodi, kisha unahesabu taa inavyopepesa: 21 ni sensa ya oksijeni, 25 mchanganyiko mwepesi (petroli kidogo kwa hewa iliyopo), 26 mchanganyiko mzito (petroli nyingi mno). Gari lisilo na sensa ya nyuma haliwezi kukuambia habari ya masega, kwa hiyo taa kutowaka si cheti cha afya.

Kipimajoto cha miale ni rafiki mwema hapa, maana ni bei nafuu na hakihitaji kufungua kitu. Endesha dakika 20, kisha shikilia mizunguko 2,500 na upime bomba linapoingia kwenye kopo na linapotoka. Panapotoka pakiwa na joto zaidi kwa makumi ya nyuzi, masega yanafanya kazi. Pakilingana, huenda yamekufa, ingawa injini inayochoma safi sana nayo hutoa tofauti ndogo. Panapoingia pakiwa moto kupita panapotoka, fikiria kuziba. Na panapotoka pakizidi kwa nyuzi mia na kuendelea, petroli mbichi inaunguzwa ndani ya kopo. Hapo masega bado yako hai, lakini hayatadumu.

Kelele ya kokoto chini ya gari

Likiwa limepoa, gonga kopo kwa ngumi au nyundo ya mpira. Kikilia kitu ndani, kauri imevunjika. Ila kaza kwanza ile bati ya kukinga joto. Klampu yake ikiisha kutu hulia vilevile, na watu wameshauziwa masega kwa sababu ya klampu.

Harufu ya mayai yaliyooza

Hiyo ni salfa. Ikija baada ya kujaza kituo fulani na kuisha tanki linalofuata, laumu petroli. Ikikaa wiki hadi wiki, mchanganyiko ni mzito. Pima na chaji ya betri pia, maana jenereta inayopitisha volti 15 na zaidi huchemsha betri, na harufu yake ni hiyohiyo.

Kopo linawaka jekundu, au taa ya injini inapepesa

Taa iliyotulia inakupa muda. Inayopepesa inamaanisha injini inamisi, yaani silinda inakosa moto, kiasi cha kuyachoma masega wakati huohuo. Punguza mwendo, simama, wala usiegeshe juu ya majani makavu. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na kurudi nyuma yana taa ya joto la ekzosi iliyoandikwa kwa herufi za Kijapani. Dereva wa hapa huiona miezi na miezi bila kujua inasema nini.

Kufungua na kutazama

Ukishahakikisha masega yameharibika, yafungue kwa boliti pale inapowezekana, usikate, na umulike tochi pande zote mbili. Kauri iliyoyeyuka na kuziba katikati: injini ilimisi, petroli ikaungulia humo. Masizi meusi makavu: mchanganyiko mzito. Majivu ya kijivu yaliyoganda upande wa kuingilia: oili. Ukoko mweupe, na rejeta imekuwa ikipungua: maji ya kupoza injini. Wekundu wa kutu juu ya vitundu na kwenye plagi pia: petroli iliyotiwa manganizi. Kauri iliyopasuka ila safi: kopo limegongwa na tuta au jiwe la murram, au limezamishwa likiwa moto kwenye maji ya mafuriko, jambo ambalo Bwaise halihitaji maelezo.

Chomoa na plagi zote, uzipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi tatu za rangi ya kahawia na moja nyeusi iliyolowa petroli zinakuonyesha silinda gani ya kufuata. Koili ndizo wakosaji wa kawaida kwenye Toyota za umri huu, kisha vichwa vya nyaya vilivyopasuka. Na zile mbinu za gereji zenyewe zina lawama: kuchomoa koili moja moja injini ikiwaka ili kusikia ipi haifanyi kazi, kisha kuiacha hivyo huku mnabishana, ni kumwaga petroli mbichi kwenye masega ya moto. Kusukuma gari lililokataa kuwaka, nako ni vivyo hivyo.

Oili ina mkosaji wake maarufu. Injini ya 1ZZ-FE, iliyomo kwenye Spacio, Wish na baadhi ya Premio, kwenye matoleo yake ya mwanzo ilitengenezwa na pistoni zenye vitundu vidogo vya kurudishia oili. Huziba, ringi hunata, na oili huungua kimyakimya. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha asubuhi ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta ni ringi. Zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili ndizo zinazofunika madini ya masega, na hakuna dawa ya kumimina kwenye tanki inayozitoa.

Subaru zenye injini ya EJ25 zina sifa mbaya ya gasketi ya silinda. Maji yakipungua bila kuonekana chini, na bomba linatoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikiwa moto, usifunge masega mapya mpaka gasketi imeshughulikiwa. Wanaolaumu risasi kwenye petroli nao wapumzike: kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliondolewa sokoni kufikia 2006. Petroli iliyochanganywa mafuta ya taa ndiyo ya kuogopa leo.

Thamostati iliyotolewa

Thamostati ni valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kutolewa kwake nimekuacha mwisho kwa sababu ndiko kunakosahaulika, na kwa maoni yangu ndiko kunakoua masega mengi Uganda kuliko petroli mbaya inayolaumiwa kila siku.

Hivi karibuni mama mmoja aliniletea Ipsum yake, masega ya pili haya, yamejaa masizi. Plagi zote nne nyeusi kavu, sawasawa, hakuna silinda iliyokosa moto. Nikachomoa kijiti cha oili, kinanuka petroli. Nikamuuliza kama thamostati ipo.

"Fundi, si ilitolewa? Waliniambia hiyo ni ya nchi za baridi."

"Mama, injini haijui iko Kampala wala Ulaya. Inataka joto lake."

Thamostati ya Toyota nyingi hufunguka karibu nyuzi 82. Bila hiyo, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na gari likipata upepo wa barabara kuu injini hupoa mpaka nyuzi 60 hivi. Kompyuta inaona injini ya asubuhi isiyopata moto, inaongeza petroli na inapuuza sensa ya oksijeni. Kilomita baada ya kilomita, hadi Masaka na kurudi, petroli ya ziada inageuka masizi, nyingine inateremka kwenye oili, na gari linakula mafuta bila mtu kuelewa kwa nini.

Kulijua ni rahisi. Mshale wa joto unakaa chini ukiwa njia kuu na kupanda kwenye foleni ya Jinja Road. Hita haitoi joto la maana. Washa injini ya baridi na ushike mipira ya juu na ya chini ya rejeta: ikipata uvuguvugu pamoja tangu mwanzo, hakuna kinachozuia maji. Kwenye mashine ya kusoma, joto la injini liwe kati ya 85 na 95 barabarani.

Lakini usikimbilie kuirudisha tu. Jiulize kwa nini ilitolewa. Karibu kila mara gari lilikuwa linachemka, na lilichemka kwa sababu rejeta imeziba kwa kutu na chokaa ya maji ya bomba yaliyomiminwa miaka na miaka, au feni haiwaki, au kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Ukirudisha thamostati juu ya rejeta iliyoziba, utachemsha injini wiki hiyohiyo, na mwenye gari atasema yule fundi wa kwanza ndiye aliyekuwa sahihi. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, kulanti sahihi iwekwe badala ya maji matupu, feni ijaribiwe, ndipo thamostati irudi.

Ipsum ile iliishia hapo: rejeta, kulanti, thamostati, oili mpya. Masega yake hayakuwa yameyeyuka, kwa hiyo yalirudishwa kwanza. Masizi makavu mara nyingi huungua yenyewe injini ikipata joto lake na gari likitembea mwendo mrefu wa barabara kuu.

Ukilazimika kununua

Ya mtumba yanapatikana kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, lakini yamulike kabla ya kulipa. Uone mwanga upande wa pili kwenye vitundu vyote, kauri isicheze ukitikisa, na yawe ya injini ya ukubwa kama wako. Mapya ya bei ya chini yana madini machache. Hufanya kazi, ila yanasamehe makosa machache zaidi. Usitumie silikoni ya kawaida ya gereji kwenye maungio ya ekzosi, wala kwenye injini karibu na inapopita hewa. Mvuke wake huharibu sensa za oksijeni, kwa hiyo tafuta ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa, au tumia gasketi.

Ukishafunga, futa kodi za hitilafu kwa mashine, endesha siku kadhaa kisha soma marekebisho ya petroli ya muda mrefu: yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, injini inapumua sawa. Yakivuka hapo, kuna hewa inayovuja, sensa ya hewa iliyochafuka au injekta inayodondosha, nayo ishughulikiwe wakati masega bado ni mazima. Rudia kipimajoto baada ya kilomita 1,000, pamoja na kiwango cha oili na cha maji ya rejeta, ukiandika namba kwenye daftari la gari ili fundi atakayefuata asianze kubahatisha.